Umeme Ukirudi, Mashine Ikumbuke

Fundi anayeunda mashine ya kutotolesha vifaranga kwa Arduino hufika mahali akaona kazi imekwisha. Balbu zinawaka na kuzimika zenyewe, skrini inaonyesha nyuzijoto 37.7, mota inageuza trei kila baada ya saa mbili. Anaipeleka kwa mteja Mapera, analipwa, anarudi zake Mbinga mjini. Wiki ya pili simu inaita: "Fundi, mashine inasema leo ni siku ya kwanza." Umeme ulikatika usiku ukarudi alfajiri, na mayai yaliyokwisha kukaa siku kumi na nne yanahesabiwa upya. Hata joto ambalo mama mwenye kuku alilipandisha kidogo, baada ya kuona trei ya chini haipati moto wa kutosha, limerudi pale fundi alipoliandika kwenye programu.

Hasara yake si ndogo. Mayai ya kuku huchukua siku 21. Siku ya 18 mashine inatakiwa iache kuyageuza ili kifaranga ajipange ndani ya ganda, na unyevu upande kutoka asilimia hamsini na kitu hadi 65 au zaidi, la sivyo utando wa ndani unakauka na kifaranga anashindwa kutoka. Mashine iliyoanza kuhesabu upya itaendelea kugeuza trei na kukausha hewa mpaka vifaranga wanagonga maganda.

Wengi hukimbilia betri. Betri ni nzuri, iweke, lakini ipo siku itazeeka au mtu ataichomoa achajie simu. Dawa ni kuandika mipangilio kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Chipu ya ATmega328P, iliyomo kwenye Arduino Uno na Nano, inayo kumbukumbu hiyo tayari: baiti 1,024, kwa jina EEPROM. Huna cha kununua. Una mambo mawili ya kuamua kabla ya kugusa kibodi: uandike nini, na uandike lini. Mafunzo mengi huanza na amri ya kuandikia, ambayo ndiyo nyepesi kuliko yote, kisha yanaishia hapo hapo.

Kwanza, kwa nini usiziache namba ndani ya programu yenyewe? Kwa sababu mashine ile ile hufanya kazi mahali tofauti. Mapera iko kwenye milima ya Wamatengo, ambako usiku wa Juni na Julai mtu analala na blanketi mbili. Shuka kwa barabara ya lami mpaka Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, uko kwenye mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari na joto halikuachi hata usiku. Muda wa kuwasha balbu unaofaa kule juu utapika mayai kule chini. Tena mfugaji mmoja anatia mayai ya kuku, mwenzake kware wa siku 17 au 18, mwingine bata mzinga wa siku 28. Ukitaka kila mmoja apate programu yake, utaishi barabarani na kompyuta mgongoni. Programu iwe moja, mipangilio aiweke mwenyewe kwa vitufe, na chipu imkumbukie.

Andika alichoamua mtu, si kinachotokea

Kanuni ninayoifuata ni hii: kwenye EEPROM kinaingia kile tu ambacho mwenye mashine amekiamua. Joto analolitaka, unyevu anaoutaka, dakika za kugeuza, idadi ya siku, na siku aliyotia mayai. Joto linalopimwa sasa hivi haliingii. Hali ya balbu haiingii. Saa zilizobaki kabla ya kugeuza trei haziingii pia. Umeme ukirudi, geuza mara moja uanze kuhesabu tena, yai halitadhurika.

Sababu ya ubahili huu ni kwamba EEPROM huchakaa. Kila kiini chake huhifadhi chaji ya umeme iliyofungiwa nyuma ya tabaka jembamba la kuzuia umeme, na kila unapoandika, chaji hiyo inasukumwa kupita kwenye tabaka lile. Ni kama ukurasa wa daftari unaofutwa kwa raba: mara chache hauonyeshi kitu, mara nyingi unatoboka, na hutoboka pale pale ulipozoea kufuta. Mtengenezaji wa ATmega328P anakuhakikishia maandiko 100,000 kwa kila baiti. Kusoma hakuchakazi chochote, soma upendavyo.

Laki moja inasikika kubwa mpaka uipigie hesabu. Fundi anayehifadhi muda uliopita kila dakika anaandika mara 1,440 kwa siku. Laki moja inaisha baada ya siku 69. Hayo ni matotoleo matatu ya kuku, na la nne linaingia katika kipindi ambacho chipu haina tena dhamana. Anayehifadhi kila sekunde anamaliza ndani ya saa 28. Na yule aliyeweka amri ya kuandika ndani ya loop() bila sharti lolote, akibadilisha thamani kila mzunguko, atastaajabu zaidi: baiti moja huchukua takriban milisekunde 3.3 kuandikwa, kwa hiyo laki moja inakwisha kwa dakika tano na nusu, kabla hajamaliza kufunga skrubu za boksi. Chipu haifi dakika hiyo hiyo, na hapo ndipo ubaya ulipo. Inaendelea kufanya kazi huku ikianza kusahau baiti moja moja, na utailaumu sensa.

Basi siku zilizopita utazijuaje bila kuandika kila saa? Usizihesabu. Hifadhi tarehe na saa ya kutia mayai, mara moja tu kwa kila totoleo, na uunganishe saa ya DS3231 yenye betri yake. Siku ya ngapi leo ni kutoa tu: sasa, toa mwanzo, gawanya kwa 86,400. Umeme ukikatika kwa saa sita, saa inaendelea kutembea na hesabu inabaki sahihi, pamoja na zile saa sita za giza. Anayehesabu kwa millis() na kuhifadhi kila saa hapati hilo, maana muda wa giza haumo kwenye hesabu yake.

Kuhusu saa hiyo, mambo mawili ya mezani. Moduli ndogo ya buluu inayouzwa kwa wingi, yenye DS3231 na chipu ya AT24C32 ubavuni, imeundwa kuchaji betri ya LIR2032. Ukiweka CR2032 ya kawaida, ambayo ndiyo utaipata dukani, moduli itajaribu kuichaji na betri isiyochajika inaweza kuvimba au kuvuja. Chomoa ile diodi ndogo ya kuchajia au rezista iliyo karibu nayo kabla ya kuweka CR2032. La pili, DS3231 ina biti inayoitwa OSF, ambayo hujiwasha saa ikiwahi kusimama. Isome kila mashine inapowaka. Ikiwa imewaka, betri ya saa ilikufa na tarehe unayosoma ni ya uongo. Onyesha ujumbe mfugaji aweke siku mwenyewe, kuliko mashine kuamua kwamba mayai yana miaka ishirini.

Kama huna saa kabisa, andika namba ya saa zilizopita kila saa moja. Ni maandiko 504 kwa totoleo la kuku, chini ya 9,000 kwa mwaka mzima wa kutotolesha mfululizo, na chipu itafika miaka kumi na moja. Inavumilika.

Lini uandike

Mfugaji akibonyeza kitufe cha kuongeza kutoka 35.0 hadi 37.7, ni mibonyezo 27. Usiandike mara 27. Badilisha namba iliyo kwenye RAM, anza kuhesabu sekunde tangu mbonyezo wa mwisho, na zikifika kumi bila kuguswa, andika mara moja. Au andika anapotoka kwenye menyu. Mimi hufanya vyote viwili, kwa sababu watu wengi hawatoki kwenye menyu. Wanaridhika na namba wanaondoka.

Kwenye amri zenyewe, EEPROM.write() huandika hata kama thamani ni ile ile. EEPROM.update() husoma kwanza, ikikuta thamani ni ile ile inaacha. EEPROM.put() hupokea kitu kizima, namba au muundo, na ndani yake inatumia update. Kwa kazi hii tumia put na get, uisahau write kabisa. Sioni inapofaa kwenye mashine ya mteja.

Weka mipangilio yote kwenye muundo mmoja, usitapanye namba kwenye anwani ulizozikariri kichwani:

```
struct Mipangilio {
  uint16_t alama;      // daima 0xA55A
  uint8_t  toleo; // sasa ni 1
  uint8_t  unyevu; // asilimia
  int16_t  joto; // 377 ni nyuzijoto 37.7
  uint16_t kugeuza; // dakika
  uint8_t  siku; // 21 kwa kuku
  uint32_t mwanzo; // wakati wa kutia mayai
  uint16_t mfululizo; // nakala ipi ni mpya
  uint16_t hakiki; // namba ya uhakiki
};
```

Kwenye Uno huu ni mzigo wa baiti 17. Angalia joto: limehifadhiwa kama namba nzima, kumi kwa kila nyuzi, si kama namba ya desimali. Sababu inakuja sasa hivi.

Usiamini ulichosoma

Chipu mpya haijajaa sifuri. Imejaa 255 katika kila baiti. Sasa fikiria programu inayowaka kwa mara ya kwanza, inasoma joto bila kuuliza, inaanza kazi. Kama joto limetangazwa kuwa uint16_t, itasoma 65535, yaani nyuzijoto 6,553.5, na balbu haitazimika mpaka kitu kiungue. Kama ni int16_t, zile zile 255 mbili zinasomeka kama hasi moja, nyuzijoto -0.1, na balbu haitawaka kabisa. Kama ni namba ya desimali, baiti nne za 255 zinatoa kitu ambacho si namba, na tabia yake ni kwamba ukiilinganisha na namba yoyote jibu ni hapana. Je, joto lililopo ni dogo kuliko linalotakiwa? Hapana. Ni kubwa kuliko linalotakiwa? Hapana. Balbu inabaki ilivyokuwa, ikiwaka au ikizimika, na skrini inaandika "nan" ambayo mfugaji ataidhania ni jina la mtu. Ndiyo maana ninapenda namba nzima yenye alama ya hasi: ikiharibika, angalau inaharibika upande wa baridi.

Kwa hiyo kila unaposoma, pita milango mitatu. Wa kwanza ni alama: je, baiti mbili za mwanzo ni 0xA55A? Kama siyo, chipu ni mpya au imefutwa. Wa pili ni namba ya uhakiki, inayokokotolewa kutokana na baiti zote zilizotangulia na kulinganishwa na ile iliyohifadhiwa. Usijumlishe tu baiti. Kumbukumbu iliyojaa sifuri ina jumla ya sifuri na itapita, na baiti mbili zilizobadilishana nafasi pia zitapita. Ndani ya vifaa vya Arduino kuna faili ya util/crc16.h yenye kazi ya _crc16_update. Ianzishe na 0xFFFF, ipitishe baiti moja moja, imekwisha. Wa tatu ni mipaka: joto liwe kati ya 350 na 390, unyevu kati ya 30 na 85, dakika za kugeuza zisipungue 30, siku kati ya 15 na 40. Mlango huu wa tatu watu huuacha wakidhani wa pili umetosha, lakini namba ya uhakiki inathibitisha tu kwamba umesoma kile ulichoandika. Haijui kama uliandika upuuzi.

Mlango wowote ukikataa, tumia namba za kawaida ulizoziweka kwenye programu. Kisha sema. Piga king'ora kifupi, andika kwenye skrini MIPANGILIO IMEPOTEA, na usubiri mtu abonyeze kitufe kukiri ameona, huku balbu zikiendelea kulinda joto la kawaida. Mashine inayojirekebisha kimya kimya ni ile ile iliyomwamsha fundi kwa simu.

Ile baiti ya toleo ina kazi yake, na mfano wake mkubwa umepita mikononi mwa karibu kila mwenye mita ya LUKU. Mita yenyewe ni mikrokontrola yenye kumbukumbu ya aina hii: umeme wa nguzo ukikatika na kurudi, uniti zako zinabaki zilivyokuwa, na tokeni uliyokwisha kuingiza inakataliwa ukiirudia, kwa sababu mita inakumbuka. Kila tokeni ya mfumo huo, ambao hutumika nchi nyingi duniani, ilibeba wakati wa kununuliwa kwake, ukihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, katika biti 24. Biti 24 hubeba dakika milioni 16.7 na ushee, na hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na kwa mita, tokeni mpya ingeonekana kuukuu.

Ndiyo maana mwaka ule TANESCO iliwatumia wateja makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja: mawili ya kwanza yakabadilisha ufunguo uliohifadhiwa kwenye mita, la tatu likaleta umeme. Kenya na Uganda nao walipita njia hiyo hiyo. Ufunguo mpya ulihitajika kwa sababu kumbukumbu ya tokeni zilizotumika ilikuwa inafutwa ili kuanza hesabu mpya. Bila kubadilisha ufunguo, mtu angeokota karatasi za tokeni za zamani akaziingiza tena. Waliounda mfumo ule walikwisha kuacha nafasi ya kubadilisha kilichohifadhiwa bila kumtuma fundi na bisibisi nyumba kwa nyumba.

Kwako wewe, nafasi hiyo ni toleo. Mwakani utataka kuongeza mpangilio mpya, tuseme joto la siku tatu za mwisho. Ukiuchomeka katikati ya muundo, kila kilichofuata kinasogea, na programu mpya itasoma dakika za kugeuza mahali palipokuwa na siku. Ongeza vitu vipya baada ya mwanzo na kabla ya mfululizo, pandisha toleo kuwa 2, na uandike kipande kidogo kinachosema: nikikuta toleo 1, nisome kwa muundo wa zamani, nijaze kipya kwa thamani ya kawaida, nihifadhi kama toleo 2. Mteja hataona kitu, na hivyo ndivyo anavyotaka.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika

Mbinga inaijua vizuri adha ya umeme. Kabla ya njia ya kilovolti 220 ya Makambako hadi Songea kukamilika mwaka 2018, wilaya iliishi kwa majenereta ya dizeli na mitambo midogo ya maji. Gridi imepunguza giza, ila haijazuia radi za Desemba, na kuna saa za jioni ambapo umeme haukatiki bali unashuka, balbu zinakuwa nyekundu kama makaa. Kushuka huku ni kubaya kuliko kukatika. ATmega328P ikitembea kwa megahezi 16 inahitaji angalau karibu volti 3.8 kwa mujibu wa mtengenezaji. Chini ya hapo inaweza kutekeleza amri isiyokuwepo, na kuandika kwenye EEPROM ni mojawapo ya amri hizo.

Chipu ina mlinzi wa volti anayeizima ikishuka kupita kiasi. Kwenye Uno amewekwa volti 2.7, chini mno kwa megahezi 16. Kama unajenga saketi yako mwenyewe na una kifaa cha kupakia programu kwa ISP, mpandishe mpaka 4.3. Ukitumia Uno kama ilivyo, pima volti ya chanzo kabla ya kuandika. Ikiwa imeshuka, subiri.

Halafu kuna kapasita. Baiti 17 kwa milisekunde 3.3 ni milisekunde 56 kama zote zimebadilika. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye laini ya volti 5, ikilisha miliampia 50, inashuka kutoka 5 hadi 3.8 kwa milisekunde 24. Baiti saba tu, kazi imekatika katikati. Kapasita hiyo hiyo iweke upande wa volti 12, kabla ya kidhibiti volti cha 7805, ambapo inaweza kushuka mpaka 7 bila chipu kujua lolote, na inakupa milisekunde 100. Tanguliza diodi, ili mota na rilei zisiinywe. Ni shilingi chache, na ndiyo tofauti kati ya kumaliza kuandika na kuachia njiani.

Lakini usitegemee kapasita peke yake. Weka nakala mbili za muundo, moja kwenye anwani 0, nyingine kwenye 64. Kila unapohifadhi, andika juu ya ile iliyo kuukuu, ukiongeza mfululizo kwa moja. Ukisoma, kagua zote mbili kwa milango ile mitatu, chukua iliyo nzima yenye mfululizo mkubwa. Umeme ukikatika katikati, nakala inayoandikwa itaharibika na namba yake ya uhakiki haitalingana, ila ile nyingine haikuguswa. Mfugaji atapoteza badiliko la mwisho tu. Na kwa kuwa unapishanisha, kila nakala inachakaa nusu ya kasi, faida ambayo hukuiomba.

Kuna kitu kimoja kisichostahili kukaa humo: marekebisho ya sensa. DS18B20 na DHT22 zinaruhusiwa kukosea hadi nusu nyuzi, na kwa mayai nusu nyuzi si kitu cha kupuuza, kwa hiyo kila mashine hupimwa na kipimajoto cha kuaminika kabla haijatoka kwa fundi. Namba hiyo ni ya mashine ile, si ya mfugaji. Iweke peke yake, tuseme anwani 1,000, na namba yake ya uhakiki. Mteja akishikilia kitufe anapowasha ili arudishe mipangilio ya kiwandani, futa nakala mbili, usiguse anwani 1,000.

Kama unatumia bodi nyingine

ESP8266 na ESP32 hazina EEPROM halisi. Zinaiigiza ndani ya kumbukumbu ya programu. Kwenye ESP8266 lazima uanze kwa EEPROM.begin(), ukitaja idadi ya baiti utakazotumia, na umalize kwa EEPROM.commit(). Bila commit kila kitu kinaonekana kizuri, unasoma ulichoandika, mteja anafurahi, mpaka umeme ukatike. Na kila commit hufuta eneo zima la baiti 4,096, kwa hiyo ubahili wa kuandika ni muhimu zaidi huko. Kwenye ESP32 achana na EEPROM, tumia Preferences: inagawanya uchakavu yenyewe na inakagua yenyewe, na getShort("joto", 377) inakurudishia 377 kama hakuna kitu. Jina la kila mpangilio lisizidi herufi 15, la sivyo halihifadhiwi. Milango ya mipaka bado ni juu yako. Na ukihamisha ule muundo mzima kutoka Uno, jua kwamba kwenye ESP32 utakuwa baiti 20, si 17, kwa sababu chipu hiyo huacha nafasi kati ya namba ili kuzipanga.

Kuhusu kupakia programu mpya: ukipakia Uno kwa waya wa USB, EEPROM haiguswi na mipangilio ya mteja inabaki. Ukipakia kwa ISP, chipu yote hufutwa kwanza, EEPROM ikiwemo, isipokuwa umewasha fyuzi ya EESAVE. Fundi anayetoka Mbinga kwenda kumboreshea mteja programu kwa ISP bila kujua hili atampotezea namba ya sensa aliyoipima mwenyewe.

Kabla ya kuikabidhi

Andika programu fupi inayojaza EEPROM yote 255, uipakie, kisha rudisha programu ya mashine uone inavyowaka kama chipu mpya. Fanya hivyo hivyo na sifuri. Kisha badilisha baiti moja tu katikati ya nakala mpya, uone kama inarudi kwenye ile ya zamani. Haya yote ni ya mezani, bila yai hata moja.

Jaribio la mwisho ni la kuchomoa waya. Fanya programu ya majaribio ihifadhi mara kwa mara, huku rilei ya pembeni, yenye Arduino yake, ikikata umeme kwa nyakati zisizolingana na kuurudisha. Iache usiku kucha. Asubuhi soma kwenye kompyuta ni mara ngapi nakala zote mbili zilikuwa mbovu kwa pamoja. Jibu linalokubalika ni sifuri. Ukipata hata moja, anza na diodi ya kapasita, mara nyingi imegeuzwa. Ukimaliza, badilisha hiyo chipu kabla ya kumpa mteja, kwani usiku mmoja wa jaribio hili unaweza kula maandiko ya miaka mingi, na ATmega328P ya kwenye soketi hutoka kwa bisibisi ndogo bila kuhitaji risasi.

Funga pia kidhibiti joto cha chuma, kile cha kukata kwenye nyuzi 40, mfululizo na waya wa balbu, kisichopita kwenye chipu hata kidogo. Na ndani ya mfuniko bandika karatasi yenye mipangilio ya siku ya kukabidhi na namba ya sensa, imeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika na maji, maana humo ndani unyevu ni asilimia 65.